Ulikosea Kuhusu Tope, Shangazi

Shangazi yangu, shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini mkono umekataa kuanza na neno jingine.

Tangu tukuzike imepita Ramadhani moja. Nimerudi kutoka Kanga nilikoolewa, naishi nyumbani kwako hapa Chole. Mlango wa jikoni nimeuhamishia upande wa kisima. Najua ungenuna siku mbili. Na nimepata kazi, ambayo ungeniuliza maswali yake mpaka wali upoe. Natoka na wataalamu wanaochora ramani ya chini ya bahari. Chombo chao kinapeleka sauti mpaka chini, na ikirudi inatoka picha ya rangi kwenye kompyuta. Kisha tunashusha kamera kwa kamba, tunatazama, tunaipa kila rangi jina: mchanga, tope, majani, matumbawe. Mimi ndiye mwandishi.

Sasa nikwambie. Unakumbuka kule mkondoni, ambako nanga ya marehemu mumeo ilikuwa ikirudi na tope jeusi? Ulikuwa ukisema, "Huko tope tu, mwanangu. Hakuna kitu." Nikawaambia wenzangu hivyo hivyo, tusipoteze muda. Dada Stella, kiongozi wetu aliyetoka Bara, akasema tushushe tu. Shangazi, tope lipo, lakini ni ukanda mwembamba. Ukishauvuka kumeota matumbawe laini, ya njano na ya zambarau, yanapepea kama khanga zilizoanikwa, na samaki wadogo wamejaa katikati. Nilicheka, kisha nikalia. Miaka yote ile ulipita juu yake. Nilitamani nikuvute mkono uje utazame.

Wiki ile ile likaja la kunikosesha raha. Kwenye rasimu ya ramani, uwanda wetu wa pweza, pale uliponifundisha kuchokoa, ulikuwa umepakwa rangi ya mchanga mtupu. Na kijiji kilikuwa kikiisubiri ramani hiyo kichague pa kutia nanga boti za wageni, mahali pasipo na kitu.

"Pale si mchanga," nikasema. "Kuna mashimo ya pweza."

"Umejuaje?" Dada Stella akauliza.

"Shangazi yangu alinionyesha."

Akaitazama tena rasimu. Sote tulikuwa tunalikumbuka lile tope. Nisamehe, hata mimi nilianza kukutilia shaka. Sijakanyaga pale tangu niolewe. Labda mchanga ulishafunika kila kitu. Nikamwambia, "Bamvua ikifika, maji yakitoka, twende kwa miguu."

Tukaenda. Juu ni mchanga kweli, mweupe, laini. Nikaona aibu. Lakini nilipokanyaga kwa nguvu, nyayo zikagonga vipande vigumu. Nikachimba kwa vidole: matumbawe yaliyovunjika, yamelaliana, na chini yake uwazi. Shimo la kwanza tupu. La pili tupu. La tatu nikaingiza kijiti, kikashikwa! Dada Stella akapiga magoti majini na suruali yake nzuri. "Anaingiaje? Anakaa muda gani? Majike ndio wanaochagua hapa pa kutagia?" Mengine nilimjibu kwa maneno yako. Mengine nilijilaumu kwamba sikukuuliza ulipokuwepo. Pweza tukamwacha.

Ramani haikuwa na jina la mahali kama hapo. Tumeongeza moja, vifusi chini ya mchanga, na pale tumepapaka rangi yake. Kwenye mkutano wa kijiji wanawake walisimama wakautetea uwanda wao wa pweza, na nanga zimesogezwa mbali.

Kesho tunaanza ng'ambo ya kisiwa cha Juani, kwenye kina ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyekifikia. Huko sina neno lako la kushika, liwe kweli au kosa. Naogopa kidogo, lakini hamu imezidi.

Pumzika, Shangazi, Mola akufanyie wepesi. Nakuahidi kila nitakachokiona nitakuja kukusimulia, hapo ulipo. Na nikikosea, nitasema.

Mwana wa kaka yako,
Mwanaisha