Majani ya Sungura Juu ya Jamvi la Karafuu

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, mvua ya masika inatishia lakini hainyeshi. Sina raha.

Sungura Tende hali chakula. Tangu jana asubuhi amejikunyata pembeni mwa banda, masikio yamelala, na sijaona kinyesi chake hata punje. Mwenzake, Hiliki, anazunguka kama kawaida. Sungura akikaa siku nzima bila kula si jambo dogo. Tumbo lake likisimama, amekwenda.

Sungura hawa si wangu. Ni wa dada yangu Asya, aliyekwenda Dar es Salaam kupasuliwa jicho, akaniachia kwa wiki mbili. Tangu afiwe na mumewe, ndio anaozungumza nao asubuhi kabla ya chai. Mimi nilikaa nchi za baridi zaidi ya miaka arubaini. Kwa hesabu yake nimerudi juzi. Hiki ndicho kitu cha kwanza alichoniaminia.

Niandike kosa langu lilivyotokea.

Asya hununua ukoka uliokwisha kaushwa kwa Bi Mwanaidi, sokoni Mwanakwerekwe. Ulipokaribia kwisha niliutazama nikauona mfupi, umefifia. Nilikuwa nimesoma kwamba sungura anataka majani marefu yenye mabua, kwa kuwa meno yake hayaachi kuota. Hilo ni kweli. Basi nikanunua majani mabichi ya ng'ombe, marefu kuliko yote, nikapanda nayo kwenye paa niyakaushe mwenyewe.

Nikayakausha kama karafuu.

Sikujua njia nyingine. Utotoni, shambani kwa babu, tulianika karafuu juu ya majamvi, tukazigeuza kwa mikono, na jua likianza kushuka tukazikusanya upesi zisikutwe na umande. Mikono yangu ilikumbuka yote. Nilianika siku mbili, kisha nikayashindilia majani guniani yangali na joto la jua. Nilipolifungua gunia baada ya siku kadhaa, ilitoka harufu ya sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi. Ilinipendeza. Nilisimama nikaivuta, nikamkumbuka mama, ndipo nikawapa sungura.

Hiliki alinusa akaondoka. Tende ni mlafi. Alikula.

Leo asubuhi daktari wa mifugo amempa dawa, akanionyesha namna ya kumnywesha maji kwa bomba la sindano. Nikachukua konzi ya majani yale hadi Mwanakwerekwe.

“Shikamoo, babu,” alisema Bi Mwanaidi, akayageuza geuza na kuyanusa. “Haya majani au karafuu?”

“Marahaba. Majani.”

“Basi mbona umeyatia gunia? Bua lina maji ndani.”

Akalipasua, akanionyesha ukungu mweupe ambao miwani yangu haikuuona. Kisha akachukua bua katika fungu lake, akalivunja karibu na sikio langu. “Likilia, limekauka. Likipinda, lirudishe juani. Na linukie chai, babu, lisinukie kabati.”

Nimerudi na mafungu mawili ya ukoka wake. Hiliki ameurukia. Tende amegeuza uso.

Kuna jambo jingine, na hili ni baya zaidi. Jana Asya alipiga simu kuuliza kama wanawe, hao sungura, wameshakula. Nikamjibu, “Wameshiba, Dada.” Nimemdanganya mtu aliyefungwa jicho.

Leo baada ya Magharibi amepiga tena. Nikamwambia Tende hali tangu ale majani niliyoyakausha mwenyewe, na uongo wa jana nikautaja.

Nikasikia vyombo vinagongana huko aliko.

“Uliyatia guniani,” alisema. Wala hakuuliza.

“Umejuaje?”

“Sungura wangu wa kwanza nlimuua hivyo hivyo. Mama katufunza karafuu, sungura hakutufunza.” Kisha sauti yake ikawa ngumu. “Mkande tumbo taratibu, usimwache peke yake. Na usinidanganye tena, mdogo wangu. Mimi nshazowea kupewa habari mbaya.”

Nimekaa sakafuni, Tende mapajani. Nimeshika bua moja la ukoka mbele ya mdomo wake. Masharubu yameligusa. Mdomo haujafunguka.

Kesho Asya akipiga, nitamwambia nitakachokiona.