Kabla Hajageuzwa Kichwa

Sa'dan, 4 Mei 1991

Mdogo wangu Damaris,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumaini hamjambo huko Balikpapan na mimba inaendelea salama. Huku sote wazima, ila mgongo wangu unanisumbua kwa kukaa kwenye kitanda cha kufumia.

Mama bado mgonjwa. Amelala chumbani kwake, kichwa magharibi, na kila asubuhi nampelekea wali na kahawa. Yule mhudumu wa zahanati alikuja tena kumchoma dawa, kwa hiyo hakuna harufu yoyote. Nikitoka namuaga, nikirudi namweleza nyuzi zimepanda bei kiasi gani.

Shangazi huja kila Jumapili, na hata hajakaa anauliza, "Damaris kaandika?" Hakuna anayeuliza Ludia amelala saa ngapi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Machi, acha nikuambie. Siku ya mwisho, kabla hajaacha kupumua, nilikuwa namlisha uji. Siku tatu nzima nilikuwa nikimbembeleza na hakumeza hata kijiko. Siku hiyo akanitazama, akaniita Damaris. Nikaitika. Ningefanya nini? Akatabasamu, akamaliza bakuli.

Dada yako,
Ludia

Balikpapan, 29 Mei 1991

Dada Ludia mpendwa,

Pokea heshima zangu. Pole na mgongo. Mimi nina miezi sita sasa, na daktari amenikataza kusafiri mpaka nijifungue. Unajua wawili wa kwanza sikuwashika mkononi.

Usikasirike nikikuuliza. Kwa nini unaniandikia kwamba Mama ni mgonjwa? Mama alifariki tarehe kumi na nne Machi. Mimi ni mwalimu wa dini, Dada, na wanafunzi wangu nawaambia wazi: wazee wetu waliposema marehemu ambaye hajazikwa ni "mgonjwa" walisema kwa mfano, ili moyo uzoee pole pole. Hata Maandiko ukishika kila neno lilivyo, utapotea njiani. Hiyo ni lugha ya upendo tu. Na ile kahawa anakunywa nani? Najua ni wewe, ikishapoa.

Kuhusu uji, sikujua. Nimelia.

Mdogo wako,
Damaris

Sa'dan, 18 Juni 1991

Damaris,

Sisi wazima. Natumaini nanyi wazima.

Kahawa nakunywa mimi, ndiyo. Mgonjwa asipomaliza chakula, anayemuuguza ndiye anayekula. Au huko Balikpapan mnamwaga?

Mfano, unasema. Njoo basi umbadilishie mfano shuka. Njoo ukae na mfano mvua ikinyesha siku nne mfululizo. Siku moja nilikwenda sokoni Rantepao bila kumuaga, na niliporudi nilikuta uzi umekatika mahali patatu kwenye kazi niliyoiacha nzima. Wewe utasema ni panya. Sawa, mwalimu.

Mimi sikusomeshwa. Wewe ulipelekwa shule, mimi nikabaki na shamba la kahawa, na sikuwahi kusema neno. Ulipata mume, sasa unapata na mtoto. Kwangu kilichobaki ni Mama, na hata yeye mdomoni alikuwa na jina lako. Nina wivu, ndiyo, na nimechoka kuuficha.

Wazee wamepanga mazishi yaanze tarehe 20 Agosti. Asubuhi hiyo watapanda nyumbani wamgeuze kichwa kielekee kusini, na nyati wa kwanza kutoka zizini atachinjwa. Hapo ndipo atakuwa amekufa. Mpaka hapo anasikia. Kama una neno naye, lilete.

Dada yako,
Ludia

Balikpapan, 8 Julai 1991

Dada yangu,

Hujambo? Mimi miguu imevimba lakini mtoto anacheza vizuri.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, niliyoifunga. Ni ya Mama. Tafadhali msomee kabla hawajamgeuza. Usinicheke. Najua ninachowafundisha wanafunzi.

Telegramu yako ya kwanza ya Machi, kwamba Mama yuko hoi, ilinifika siku mbili kabla hajafariki, na meli ilikuwepo. Sikupanda. Niliogopa kwamba safari ya bahari ingeniharibia na mimba hii ya tatu. Namwomba Mama radhi kwa hilo, na namwomba ambariki mtoto. Ni hayo tu.

Na mimi nikuambie langu. Unadhani wewe tu ndiye mwenye wivu? Umekaa naye miezi minne zaidi yangu. Unamuaga, unamsalimia, unamsengenyea watu wa sokoni. Mimi mamangu alikufa Machi, kwenye kipande cha karatasi cha telegramu ya pili. Wako bado yupo.

Mdogo wako,
Damaris

Balikpapan, 5 Agosti 1991

Dada Ludia,

Natumaini mzima. Sijapata jibu. Kila anayeshuka kutoka huko namuuliza, na wote wanasema uko salama, unafuma nguo za mazishi.

Umemsomea? Niambie tu ndiyo au hapana. Nimekuwa mimi sasa ndiye ninayeuliza kama Mama amesikia. Cheka, una haki. Lakini zimebaki siku kumi na tano, na mimi siwezi kuinuka kitandani.

Mdogo wako,
Damaris

Sa'dan, 30 Agosti 1991

Mdogo wangu Damaris,

Natumaini umejifungua salama. Nimeomba iwe hivyo, ingawa sijui kama nina haki ya kuomba.

Mazishi yamekwisha. Watu walikuwa wengi, nyati walikuwa wa kutosha, na nguo niliyomfumia ilisifiwa. Shangazi alilia mpaka akapoteza sauti, tukapumzika.

Barua yako niliifungua siku ileile ilipofika. Nikaitia kwenye kikapu cha nyuzi, ikakaa huko wiki tano. Kila nilipompelekea kahawa nilijiambia, leo nitamsomea. Halafu nakumbuka ule uji, namkabidhi kahawa yake na kutoka.

Asubuhi ya tarehe 20 nikaichukua. Wanaume walikuwa chini uani wanavaa. Nikakaa karibu naye, nikaanza. Umeandika maneno mazuri, Damaris. "Mama, ni mimi Damaris, uliyenibeba mgongoni shambani huku unachuma kahawa." Nikasoma, "Mama, ni mimi Ludia." Ulimi ulikwenda wenyewe, lakini sikuurudisha. Nikaendelea hivyo mpaka chini. Palipoandikwa hukuja, nikaruka, maana mimi sikwenda popote. Palipoandikwa pendo, nikasoma kwa jina langu. Nilipofika kwa mtoto nikakunja karatasi. Nilitaka anisikie mimi, mara moja tu, bila wewe ndani yake.

Nikaona aibu, nikaikunjua tena ili nianze upya kama ulivyoandika. Wakaingia. Nikawaambia, "Subirini kidogo, kuna neno limebaki." Mjomba akasema, "Ludia, jua limepanda, umekuwa naye miezi mitano." Wakamshika, wakamgeuza. Nikasikia kelele za watu huko chini, nyati ameanguka.

Kwa hiyo Mama ameondoka na maneno yako, na anadhani ni yangu. Mtoto wako hakuombewa. Silali. Nikienda sokoni hakuna wa kumuaga, na nikirudi sina wa kumweleza.

Wewe umesoma. Ulisema alikufa Machi, na yote haya tunasema kwa mfano. Naomba uniandikie tena hivyo. Mstari mmoja tu. Niandikie kwamba hakusikia kitu.

Dada yako,
Ludia

Balikpapan, 21 Septemba 1991

Dada Ludia,

Salamu. Nilijifungua tarehe 24 Agosti. Ni wa kike, mzima, ana sauti ya Shangazi. Bado hatujampa jina.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Mara tano nimeshika kalamu ili nikuandikie ule mstari unaoutaka, na nikiwa mbele ya wanafunzi ningeutamka bila kusita.

Siwezi. Alikusikia, Dada, kila neno.

Mdogo wako,
Damaris