Samaki Bageni, na Ile Nilisema juu ya Dorcas

Muscat, siku ya yenga, siku ya kanisa

Kavira mudogo yangu,

Jambo yako, na jambo ya bote benye mulango yako inafunika. Mimi niko muzima, kichwa tu ndiyo inaniuma kidogo juu ya ile mashini ya baridi banawashaka hapa muchana kutwa. Na wewe? Mugongo yako inaendelea namna gani? Uko Bulengera mvua imeanza, ao mungali mu vumbi? Maharagi ya mama ku Musienene imeshatoka? Unijibu moja moja, juu siku hizi unasemaka "tuko bien" tu, kama mutu anajibu askari ku bariere.

Naandika ku karatasi sababu ku telefone tunakatizana. Mimi nasema, wewe unanyamaza, ile kunyamaza yako inanipandisha hasira, naanza kutosha maneno mabaya. Ku karatasi hauna namna ya kuninyamazia. Nikimaliza nitapiga foto ya kila ukurasa na kukutumia. Usome pole pole, na usisomee batu.

Nianze na ile iko mu roho. Niko na wivu juu yako. Basi, nimesema.

Ile siku nilipiga video kiisha kanisa, nikamuona Dorcas na robe ya kitenge ya bulu. Kile kitenge nilituma mimi, na nilisema ni ya mutoto. Kumbe mulishona babili, yake na yako, shingo moja, mikono moja! Mulisimama pale ku mulango kama sufuria na kifuniko yake. Kiisha nikamuuliza mutoto, "Dorcas, mama yako anaitwa nani?" Najua, hapana vizuri kuuliza mutoto vile. Akasema, "Mama Kavira." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akakuangalia wewe mbele, ndipo akasema, "Mama mukubwa."

Eh, Kavira! Mimi nilibeba ile mimba miezi kenda. Nilimunyonyesha mpaka akatembea. Leo niko mama mukubwa, sawa na bamama bote banapitaka kusalimia. Nilimuacha na miaka mbili, sasa iko na sita, hesabu naijua, haina haja ya kunifundisha. Mais ata vile ilinichoma. Njo pale nilisema, mwisho ya mwezi Kambale atakuja kumutosha kwako, amupeleke Beni kwa koko yake, mama ya marehemu bwana yangu, sababu kule hakuna mutu ya kumuiba. Nilisema kumuiba. Wewe haukulia, haukugomba. Ulisema tu, "Yaya, dada yangu, utafanya vile unaona. Mutoto ni yako."

Kambale yeye hakuninyamazia. Unamujua kaka yetu, kupeleka kamyo ku njia ya Kirumba kila siku kumemufundisha kusema kwa nguvu. Akasema, "Masika, barabara ya Beni uliisahau, vile banauaka batu pale? Unataka mutoto apite pale juu ya robe?" Nikamukatia telefone.

Sasa nikuambie habari ya samaki. Usiseme nakimbia maneno, utaona kwenye inafika.

Unajua hapa natunzaka mama mukongwe ya patron, bote tunamuita Bibi. Kwetu bibi ni muke ya mutu, hapa ni koko. Yeye anasema Kiswahili ya Unguja, na yangu anaicheka kila siku, "Masika, hicho Kiswahili chako kimepigwa na nini?" Bon. Mu salon ya patron kuko kisanduku kikubwa ya kioo, kirefu kupita kitanda, kimejaa mayi ya chumvi sawa ile ya bahari, na ndani samaki ndogo ndogo ya rangi, machungwa, bulu, manjano. Hapana ya kula. Ni ya kuangalia. Nilipofika, mwenye kuitunza alikuwa Achieng', binti ya Kenya mwenye anafua nguo. Patron akaona niko na mikono ya uangalifu, akanipa mimi ile kazi. Nilijivuna, sitakudanganya.

Mais kuko kitu ilinikera. Achieng' akipita mu salon na kikapu yake ya nguo, samaki bote banakimbilia ku kioo upande yake. Mimi mwenye kubapa chakula nikikaribia, banakuja babili, batatu, pole pole. Achieng' anacheka, "Si wananijua." Wapi!

Patron akaleta samaki bapya batatu. Bapya habawekwe mara moja na benyeji, basilete ugonjwa. Banakaa mbele wiki tatu mu kisanduku kidogo, kiko mu chumba ya kufulia. Nikasema mu roho, hawa batakuwa bangu. Achieng' hatabapa ata kipande. Nikafanya yote vile balinifundisha. Nikaelesha mufuko balikuja ndani juu ya mayi mpaka joto ikakuwa moja, nikachanganya mayi kidogo kidogo, nikapima chumvi. Kiisha nikabapa kula, vizuri, vile mugeni anapokelewaka kwetu. Kamba ya bahari nilikatakata, nikamwanga. Hawakukula. Nikafikiri, haya ya bageni, batakula nyuma, nikaacha chakula pale. Muchana, midi, nikaongeza. Mangaribi tena.

Siku ya tatu bote batatu balikuwa bamelala upande, matumbo inang'aa.

Patron akaleta bengine babili. Hawa balimaliza siku mbili tu. Niliona vile balipanda juu ya mayi banahema, matamvua nyekundu kabisa, kama mutu mwenye amepanda mulima na muzigo. Kiisha basi. Na kule mu kisanduku kikubwa, benyeji banacheza, bamenona, hakuna mwenye anakohoa.

Nilitafuta, Kavira. Nikapima chumvi mara tatu, iko sawa. Joto iko sawa. Nikafikiri ni ule udi Bibi anachomaka, nikamuomba aache siku mbili, akaacha, na akanung'unika sana. Nikafikiri ni dawa ya mende, kumbe hakuna mwenye alipuliza. Ikabaki nini? Unatujua sisi batu ba Butembo, kitu ikikufa bila ugonjwa, mawazo inaenda ku karuho, ile sumu mutu anakuwekea kwa siri. Nikasema, ni Achieng'. Kisanduku kidogo iko mu chumba yake ya kufulia, na nilikamata kazi yake. Ana wivu, amebawekea sumu.

Na nikamuambia mu macho! Mbele ya Bibi. Achieng' akaweka kikapu chini, akaniangalia. "Masika, mimi niwekee samaki sumu ya nini? Nikitaka kuua samaki, ntampika." Akaenda zake na nguo zake. Alikaa siku ine bila kunisalimia, na sisi babili tunalala chumba moja.

Patron akaita fundi mwenye anauzishaka ile samaki, Muhindi moja mupole. Akakuja na vichupa vidogo. Akatosha mayi ya kisanduku kikubwa, akadondosha dawa, ikakuwa manjano. Akasema ile ni muzuri. Akatosha mayi ya kile kidogo, akadondosha, ikakuwa kijani ya kutisha, sawa sombe, majani ya muhogo. Akaanza kusema Kiarabu na Bibi, na Bibi akanigeukia.

"Anauliza, unawapa chakula kiasi gani?"

Nikaonyesha na kiganja.

"Mara ngapi?"

"Asubui, midi, na mangaribi."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Sasa Bibi, mugeni amefika, nimuache na njaa?"

Bibi akamuelezea. Fundi akashika kichwa na mikono mbili. Bibi akacheka mpaka mutandio ikamuanguka. "Maskini Masika, unawakirimu mpaka unawaua!"

Njo balinielezea. Samaki mwenye ametoka mbali hawezi kula ile siku, roho yake ingali inapiga. Ile chakula inaanguka chini, inaoza, na mayi inageuka sumu. Mu kisanduku kikubwa kuko mawe ya zamani, na mu ile mawe kuko vitu vidogo, haionekane, inakula buchafu. Mu kile kidogo bado. Donc, basi, karuho ilikuwa kweli. Na mwenye aliiweka ni mimi, na mikono yangu, mara tatu kila siku.

Nikaenda mu chumba ya kufulia, nikamuambia Achieng' anisamehe. Akasema, "Haya." Tu vile. Nilipenda anitukane.

Batu ba hapa banasema nilifanya vile juu ya desturi ya kwetu, na mimi nilibaacha baseme. Ni neno muzuri, inafunika haya. Wewe nakuambia kweli. Nilibapa mingi juu nilitaka banijue mimi. Nikikaribia, bakuje mbio kwangu, na Achieng' aone. Ile yote nilimwanga mu mayi ilikuwa wivu, haikuwa ukarimu.

Bengine babili bamefika, na mara hii fundi aliniachia amri. Siku ya kwanza hakuna chakula. Hakuna taa. Ufunike kioo na nguo, na usikuje kuchungulia. Eh, ile ilinishinda kupita kufua mablanketi! Nilipita ku ule mulango labda mara makumi mbili. Achieng' ndiye alikuwa ndani na nguo zake, mimi nje, na nikamusikia anaimba pole pole, nikasema, haya, sasa batajua sauti yake. Nikakaza meno. Kesho yake nikabapa kidogo, sawa kucha ya kidole. Bakakula. Leo wiki tatu imetimia, bako bazima, nimebaingiza na bengine. Na banamukimbilia nani? Achieng'! Nilicheka, mais kicheko haikufika mu tumbo.

Sikuambie Dorcas ni samaki. Mutoto ni mutu. Mais pale nilikuwa nasimama inje ya ule mulango, nilikuwa nafikiri Beni. Nilifikiri vile Kambale angemushusha kwa koko yake, mwenye hajamuona tangu kilio ya baba yake. Vile ningepiga telefone kila siku, asubui, midi, na mangaribi, "Dorcas, umekula? Dorcas, mimi ndiye mama, sema mama." Ningemutosha mu mayi yake juu tu anijue mimi.

Jana nimemuita Kambale ku telefone. Nimemuambia asikuje kwako, Dorcas anabaki. Akasema, "Wasingya, aksanti, Masika," na sauti yake ilipungua kabisa. Donc usifunge nguo za mutoto, na kama ulishafunga, uzifungue leo. Beni hatapanda, mwisho ya mwezi wala siku ingine, isipokuwa yeye mwenyewe akomae na aseme anataka.

Usifikiri wivu imeisha. Haiishe. Asubui hii nimefikiri vile unamusuka kiisha kuoga, anaegemea magoti yako, na nikakuchukia dakika mbili nzima. Kiisha nikakushukuru. Kiisha nikakuchukia tena, mais kidogo. Nitakuwa vile, univumilie. Na ile neno kumuiba, naitosha, naifuta. Hakuna kitu uliiba. Mimi ndiye nilikupa, na miguu yangu nikaondoka.

Unisalimie mama, umuambie mugongo yangu ni muzima na nasali. Unisalimie Kambale, na bibi yake mwenye anashona, umuambie zile robe mbili alishona vizuri, ata kama zilinichoma. Unisalimie mama muchungaji na bamama ba kwaya. Koko ya Beni nitamupigia mimi mwenyewe, juu nilishamuambia mutoto anakuja, ni mimi napaswa kumuomba samahani.

Kitu kimoja ya mwisho. Kambale ameniambia jino ya mbele ya Dorcas imeanza kutikisika, na anakataa mutu kuigusa. Ikianguka yenyewe, sawa. Mais kama ni ya kung'oa na uzi, Kavira, nakuomba, unipigie mbele ya kuitosha. Ata kama ni saa ya kazi, nitaomba Bibi ruhusa, nitasimamisha telefone ku ukuta. Wewe umushike kichwa, juu ni wewe anaamini. Usimuambie anisalimie, usimuambie nani ni nani. Ufunge tu uzi, umukumbatie vizuri. Mimi nitahesabu moja, mbili, tatu.

Ni mimi yaya yako,
Masika