Kabla Hujaisikia Sauti ya Erica

Ipagala,
Dodoma.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa kaka Seth,

Shikamoo. Mbukwenyi, wewe na wote unaoishi nao huko Lubumbashi. Mgongo unaendeleaje? Kulala chini ya malori kutwa nzima si kazi ya mtu mwenye mgongo kama wako, na najua hutakwenda kumwona daktari mpaka siku utakayoshindwa kuinuka. Kama umecheka hapo, ujue nimekupata.

Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi mpaka ndani ya kabati, nami kila nikiinuka nafunika cherehani kwanza. Shemeji yako Pantaleo hajambo. Amemaliza kuvuna zabibu na safari hii hakulalamika sana, jambo ambalo si kawaida yake.

Barua hii anakuletea Ludovick, yule dereva mliyezoeana naye ulipokuwa gereji kule Kizota. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu kuna jambo ambalo kila nikitaka kukuambia kwenye simu, unaniwahi kwa kusema nimpe Erica uongee naye, nami nakosa pa kukimbilia. Tangu Julai nimekuwa nikikuambia mtoto amelala, au ametumwa dukani, au yuko kwa jirani. Ukweli ni kwamba alikuwa amekaa pembeni yangu, anatikisa kichwa kukataa. Usiogope, mwanao ni mzima, anakula na anacheza. Ila sauti yake imebadilika tangu ule upasuaji wa pua, na hataki uisikie.

Nilikuambia upasuaji ulikwenda vizuri, na hilo si uongo. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana kwenye simu nilikuwa nakupa vipande vipande.

Unaijua pua ya mwanao. Tangu akiwa mdogo alikuwa analala mdomo wazi, anakoroma kama mzee, na darasani anasinzia mpaka mwalimu akaniita. Kukoroma peke yake kusingenisumbua, maana Pantaleo nimemzoea. Kilichonitisha ni kwamba pumzi ilikuwa inakatika kabisa, kisha anashtuka na kuivuta kwa nguvu. Tulipewa dawa ya kupuliza puani, tukaitumia muda mrefu bila nafuu ya maana. Picha ilipopigwa ikaonyesha nyama zimejaa nyuma ya pua, njia ya hewa imebaki nyembamba sana.

Nilidhani ni jambo la kutoa hizo nyama tukarudi nyumbani, kama watoto wengine tuliowakuta pale hospitali. Lakini daktari, mama mmoja mpole, alimwambia Erica afungue mdomo, akamulika kooni, akamulika tena. Halafu akaniuliza ni nani aliyemkata kimeo.

Nilimjibu bila wasiwasi wowote. Nilimwambia alikatwa akiwa mchanga, kwetu Gulwe, kama tulivyokatwa sisi sote. Mimi nimekatwa, na wewe umekatwa, na sijasikia mtu akilalamika kwamba wewe husikiki. Nilimwambia hivyo hivyo, nikitegemea atacheka. Hakucheka.

Alinichorea kwenye karatasi. Kumbe kule nyuma ya mdomo kuna kaakaa laini, na kimeo kinaning'inia mwisho wake. Tukimeza au tukisema, hilo kaakaa linainuka kama mlango na kuziba njia ya kwenda puani. Mimi na wewe tulikatwa kile kimeo tu. Kwa Erica kisu kilipita juu zaidi, kikachukua na sehemu ya mlango wenyewe, na mahali pale pakapona kwa kovu gumu na fupi. Zile nyama zilizokuwa zinamziba pua ndizo zilizokuwa zinausaidia mlango ufunge. Zilimnyima pumzi miaka yote hiyo na wakati huohuo zikamtunzia sauti.

Kuacha upasuaji kabisa kulikuwa kunawezekana, tuendelee na dawa, ila daktari alisema pumzi inayokatika usingizini namna ile huuchosha moyo kadiri mtoto anavyokua. Kuziondoa nyama zote ndiyo kawaida kwa watoto wengine, lakini kwake mlango ungebaki hauna pa kufikia. Yeye alishauri tutoe za juu tu, zilizoziba pua, na kuacha ukingo wa chini ili kaakaa lipate pa kuegemea. Akanionya kwamba hata hivyo sauti inaweza kubadilika, kwa muda au moja kwa moja. Wewe ulishaniambia kwamba mama yake huku ni mimi, niamue nitakaloona linafaa. Nikaamua. Wakampa nusu kaputi, wakafanya kazi yao kupitia mdomoni bila kuacha hata mkwaruzo usoni.

Kaka, laiti ungemwona alivyolala tuliporudi nyumbani. Alilala amefumba mdomo. Tangu nianze kumlea sijawahi kumwona hivyo. Pantaleo alinifuata akiuliza kuna nini, kwa sababu chumba kilikuwa kimya. Siku hizi anaamka mwenyewe asubuhi, hasinzii darasani, na pua yake imekuwa kali mpaka ananiambia mboga inaungua kabla mimi sijajua.

Siku za mwanzo chai ilikuwa inamtokea puani, na sote tulicheka, hata yeye. Kisha koo likapona, akaanza kuongea, tukaacha kucheka. Ile sauti ya mafua uliyokuwa unamtania nayo haipo tena. Hii ya sasa hewa inavuja puani na maneno yanatoka yamelegea, mengine mpaka umtazame usoni ndipo umwelewe. Shuleni wapo wanaomwiga. Yeye aliyekuwa akikusimulia habari za darasa zima mpaka salio linakuishia, sasa hanyooshi mkono, hasomi kwa sauti. Nyumbani anaongea na mimi na Pantaleo tu, na akija mgeni anaingia chumbani.

Daktari anasema tusikate tamaa. Watoto wengi hurudi sawa kidogo kidogo, na kuna mazoezi anayofanyishwa kila wiki pale hospitali. Anashika kioo kidogo chini ya pua huku akitamka, kikiingia ukungu anajua hewa imepita njia isiyo yake, anarudia. Mazoezi yasipotosha, mwakani wataangalia kama kaakaa linaweza kushonwa lirefuke kidogo, ingawa hakuniahidi lolote juu ya hilo. Nakuambia kama nilivyoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Sasa habari ya Mama. Nakujua hasira zako, kwa hiyo nakuomba usome hapa taratibu. Mkeo Angelina alipofariki, mtoto alikuwa hajakaa hata vizuri. Mama akampokea kule Gulwe, mtoto anakohoa, anatapika kila maziwa anayopewa, na Mama ametoka kumzika mkwewe. Kila jirani aliyekuja alimwambia ni kimeo. Akampeleka kwa mkataji, kwa mapenzi yote aliyonayo, kama alivyotupeleka sisi. Yule mzee mwenyewe amekwisha kufa, hata ukitaka wa kugombana naye huna.

Nilimweleza Mama ukweli, na mpaka leo nasikitika kwamba nilimweleza. Alikuja na basi, amebeba kuku na mlenda wa kukausha. Alipomsikia Erica akimwamkia, alimwitikia vizuri tu, akamshika kichwa, kisha akatoka akakaa nyuma ya jiko. Nilipomfuata aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa namwokoa." Ameondoka amekonda. Ukimpigia, mwulize habari za mbuzi, mwulize mvua, lakini jambo hili usimguse nalo, nakuomba sana.

Na mimi unaweza kuniuliza kama najuta. Najuta, kaka. Nikimwona anavyojificha kwa wageni natamani ningengoja, ningeuliza daktari mwingine, ningefanya chochote kile. Halafu namwona anavyolala, namsikia anavyovuta pumzi bila kuipigania, najua kwamba ningepewa tena ile karatasi ya kukubali upasuaji ningetia saini tena. Imenikaa moyoni hivyo, pande zote mbili, na ningependa ungekuwa karibu tukae tuiongee.

Huku wanakusalimu wote. Pantaleo anasema utakaporudi atakuonyesha mizabibu mipya aliyopanda. Shangazi Anyesi anakuombea kila Jumapili na anauliza kama huko kuna kanisa au umeshakuwa mtu wa gereji tu. Zablon, yule mwanangu mkubwa, amepata nafasi ya chuo, anakushika miguu. Nawe tusalimie wenzako, na Mungu aliyekufikisha huko salama akurudishe kwetu hivyo hivyo.

Ukishaisoma barua hii, piga simu Jumapili baada ya ibada. Safari hii nitampa simu, nimeshamwambia na amekubali, ingawa ameniuliza mara nyingi kama utajua ni yeye. Nilimjibu kwamba utajua, kwa hiyo usiniangushe. Usimwambie arudie, wala usisingizie mtandao. Neno linalomshinda kuliko yote ni "baba", maana midomo ikikutana tu hewa yote inakimbilia puani. Ndilo analolifanyia mazoezi na kile kioo, peke yake, mlango umefungwa, na amenikataza nisikuambie. Akilianza, mngoje tu mpaka alimalize.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Sidonia