Bawa Alilochonga Bibiana

Pongwe, 30 Agosti 1953

Dada Yudith,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na mahindi yamekubali.

Ile ndege yangu ndogo ya mbao na karatasi, inayorushwa kwa mpira uliosokotwa, ilifika kwenye mashindano ya mataifa huko Uingereza. Nauli sikuwa nayo, basi niliituma kwa meli, na Mwingereza mmoja akanirushia. Ameandika kwamba mara ya kwanza ilikaa angani dakika tatu. Mara ya pili upepo uliichukua, ikapotelea msituni.

Nakwambia wewe tu, mama asijue. Mwezi wa Mei mashine ya mkonge ilinikata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ndiyo maana mwandiko huu ni wa mke wangu, Bibiana. Nilimwambia kwamba ndege sasa basi. Akaweka kisu na mbao mezani, akasema, "Wewe pima, unionyeshe pa kukata. Mikono ninayo mimi."

Bawa la kwanza alilivunja. La pili limetoka jepesi kuliko yote niliyowahi kuchonga. Mwakani tunatuma tena, na kwenye fomu tutaandika majina mawili.

Mdogo wako,
Fanueli