Kuinama Kabla ya Mashine

Ngaka, 3 Mei 2025

Mwanangu Emiliana,

Natumaini baridi ya huko shuleni haijakuumiza kifua. Mimi ni mzima, ila mgongo. Tangu niteleze nikipakia makaa ya mawe nilikuwa silali. Sasa tajiri mwenye malori ameleta mashine ndogo ya umeme. Msimamizi Bernadi hunibandika vipande vyake viwili mgongoni, huiwasha, nami husikia kama sisimizi wanatembea. Maumivu yanatulia, ndipo anasema, "Inama, mzee." Jana niligusa vidole vya miguu. Tajiri anasema nikigusa tena nimepona, narudi kazini, na habari za kunipeleka hospitali ziishe.

Baba yako, Ladislaus


Mbinga, 11 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua changu hakijambo, tunavaa masweta.

Nimefurahi kwamba unalala. Lakini nilipoirudia barua yako niliingiwa na wasiwasi. Mwalimu wetu wa fizikia anasema mashine hizo hata hospitalini zipo. Zinatuliza maumivu kwa muda, haziungi kilichoumia. Basi kwa nini unaambiwa uiname baada ya mashine, si kabla? Naomba usikasirike. Mwambie Bernadi akupime kwanza, mashine ikiwa bado imezimwa. Ukiweza, nitamwomba radhi. Usipoweza, uende hospitali ya Litembo.

Binti yako, Emiliana


Mbinga, 1 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Kondakta wa basi litokalo huko anasema alikuona juu ya lori na koleo. Nimemwambia amekufananisha. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako


Litembo, 8 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia nikiwa kitandani, usiogope.

Mwenye koleo nilikuwa mimi. Niliona maneno yako ni ya kitoto, nikainama baada ya mashine, nikarudi kazini. Haukupita muda, miguu ikafa ganzi. Tajiri akasema naigiza, mbona niliinama mbele ya watu. Hapo nikakuelewa. Nikamwambia, "Nipime sasa, bila mashine." Mikono iliishia magotini. Bernadi akatazama chini, akasema, "Bosi, siku zote nilimpima baada ya umeme. Ndivyo ulivyoagiza." Tajiri akatoa gari la kunileta hapa hospitali.

Daktari amesema nisipakie tena. Mama yako amefika kutoka Liuli. Ganzi inapungua. Hapa nako wananiwekea umeme, ila asubuhi kwanza wananitazama nilivyo.

Leo, kabla hawajaniwekea umeme, nimeinama nikafunga kamba za kiatu kimoja. Cha pili amefunga mama yako.

Baba yako