Baba Jotham, Mama Anakuja Tainan

Tan Bun-hiong, 1938–1997

Mwaka umetimia tangu utuache, Baba, na hapa ughaibuni, Richfield, theluji imefika tena madirishani. Viatu vyako bado viko mlangoni. Tulimwambia Mama avitoe, akajibu kwamba havijamwomba mtu chakula, basi tumeviacha.

Watanzania wa hapa walikujua kama fundi wa piano wa Saint Louis Park, mume wa Ikupa, yule Mtaiwani aliyekuwa akifinyanga tonge la ugali vizuri kuliko sisi wanawe. Hawakujua kwamba kwenu ulikuwa mtu maarufu. Kwamba wimbo wako uliimbwa kwenye mikutano ya siasa mpaka serikali ikaupiga marufuku, nawe ukaandikwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi. Ukiulizwa kazi yako, ulisema tu, "Nakaza nyuzi."

Mwaka 1990 Bibi alipofariki kule kwenu Tainan, uliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yako. Ukanyimwa. Kesho yake ukaamka ukaenda kazini kama kawaida, na hilo ndilo lililomtisha Mama. Akampigia simu mdogo wake, Mama mdogo Bupe. Uliporudi ulikuta makochi yametolewa, magodoro yako chini, na nyumba nzima inalia msiba wa bibi ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kwa picha.

"Shemeji, leo hushiki kazi," Mama mdogo akakuambia. "Kaa hapa tukulilie mama yako."

Kisha akaleta sinia la wali, akasimamisha kijiko katikati. Miaka yote ulitukataza hilo. Kwenu vijiti vya kulia vikisimama kwenye wali, wali huo ni wa marehemu, na kwako kijiko kilikuwa vilevile. Mama akaruka kukichomoa.

"Kiache," ukasema. "Huo ni wa mama."

Hapo ndipo ulipolia. Mzee Melkiori wa kwaya alikushika mabega mpaka ukamaliza.

Marufuku ilipoondolewa ulikwenda, ukafika kaburini kwa Bibi. Watu wa huko wakakuomba ubaki ugombee ubunge. Wiki tatu Mama hakupata usingizi. Alikwisha kujiambia kwamba mume ndiyo basi, na kwamba asingekulaumu. Siku ya ndege alikwenda kukupokea na kanga ya jikoni, hakutaka kujipamba bure. Ukatokea na begi lako, ukamwambia, "Nina njaa." Mpaka leo akisimulia, akifika hapo hucheka.

Ulipofariki, kaka yako alipiga simu akiomba ukazikwe kando ya Bibi. Sisi tulikataa kabisa. Tulitaka kaburi la karibu, la kwenda Jumapili. Mama alitusikiliza mpaka tukachoka kusema.

"Huyu alinyimwa kumzika mama yake," akasema. "Mimi siwezi kumnyima mama yake mtoto."

Jotham akakusindikiza mpaka Tainan. Viza ya Mama ilikuwa haijatoka, kwa hiyo siku uliyozikwa yeye alikaa kwenye godoro lilelile sebuleni, na Mama mdogo kando yake. Tulimkasirikia, Baba. Tulimkasirikia miezi mingi, tukampigia simu kwa kifupi na kumwambia tuna kazi nyingi. Tulikuwa hatujafikiri kwamba kati yetu sote, yeye ndiye aliyebaki bila kaburi la kwenda. Kati ya wanao, Careen ndiye aliyeanza kumwomba radhi, kwa Kiingereza chake. Mama akamsamehe kwa Kinyakyusa, na wakaelewana.

Wiki iliyopita viza ilitoka, kwa ombi la nne. Mama anaondoka Jumanne.

Wanaokukumbuka: wanao Jotham na Careen, kaka yako kule Tainan, shemeji yako Bupe, Mzee Melkiori, na kwaya nzima ya Richfield uliyoitengenezea piano. Hatutakusahau, leo wala siku zote tutakazoishi.

Jina la Mama hulioni kwenye orodha hii. Amekataa tumwandike. Anasema yake atakuja kukuambia mwenyewe.